Umeambiwa Damu Imepungua: Jinsi ya Kutumia Vidonge vya Chuma Hadi HB Irudi

Maswali ni yale yale kila kliniki. "Sista, nimemaliza pakiti nzima lakini HB iko pale pale." "Choo kimekuwa cheusi tii, niache?" "Ninywe kabla ya kula au baada?" "Kwani nikinywa juisi ya rosela tu haitoshi?" Majibu yapo, na mengi hayadai dawa ya bei mbaya. Yanadai maji, saa, na uvumilivu wa miezi kadhaa. Nimeyapanga hapa ili usome mara moja ukiwa nyumbani umetulia, maana pale dirishani kwenye dawa hakuna anayekaa na wewe dakika kumi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepimwa na kuambiwa kuwa upungufu wake wa damu unatokana na kukosa madini ya chuma: mjamzito, mama anayenyonyesha, dada mwenye hedhi nzito, au mtu aliyepoteza damu. Mtoto ana utaratibu wake, na nitasema kwa nini.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Majibu ya HB (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, huandikwa kwa gramu) kwa namba. "Damu kidogo" si kipimo. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu HB ikiwa chini ya 11 (katikati ya ujauzito huvumiliwa hadi 10.5), mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mwanaume chini ya 13. Andika namba na tarehe nyuma ya kadi, utazihitaji baadaye.
- Pakiti au kopo la dawa lenye maandishi. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti havikuambii kitu. Rudi uulize ni vya nini na vina nguvu gani.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za kiungulia na za mitishamba.
- Simu yenye alamu.
- Mahali pa juu penye kufuli au komeo. Si kwenye kibakuli juu ya friji, si kwenye mkoba unaotupwa kitandani.

Kama unaweza kulipia, omba picha kamili ya damu (maabara huiandika FBP) na feritini. Feritini ndiyo inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na ikiwa chini ya 15 hakuna ubishi, chuma kimekwisha. Ila ukiwa na homa au maambukizi feritini hupanda kwa sababu hiyo tu, hivyo namba nzuri siku ya ugonjwa isikudanganye.

Simama hapa kwanza kama mojawapo linakuhusu

HB iko chini ya 7 na una mimba, au chini ya 8 na huna. Unaishiwa pumzi ukiwa umekaa, moyo unakwenda mbio, miguu imevimba, unazimia, au damu inakutoka. Huo ni upungufu mkali na mahali pake ni hospitali leo, si kesho baada ya kumaliza kusoma.

Una selimundu. Hapo damu hupungua kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika kabla ya wakati wake, na chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki humo humo mwilini. Aliyewahi kuongezewa damu mara kadhaa anakuwa nacho zaidi, kwa kuwa kila chupa huja na chuma chake. Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida huandikiwa foliki, vitamini inayosaidia kujenga damu. Chuma hupewa tu vipimo vikionyesha kuwa kweli kimepungua. Jirani asikugawie vidonge vyake.

Wewe ni mwanaume, au mama aliyekwisha kukoma hedhi. Chuma hakiishi hivi hivi katika mwili wako. Mara nyingi kuna damu inayovuja mahali, na mara nyingi ni tumboni: vidonda vya tumbo, bawasiri, miezi ya kumeza diclofenac au ibuprofen kwa ajili ya mgongo, wakati mwingine saratani ya utumbo. Vidonge vitapandisha HB na kuficha ugonjwa. Omba uchunguzi kwanza.

Na mtoto. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 chuma na foliki kila siku bila kwanza kuangalia nani anakihitaji. Sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na malaria kisiwani wakati ule ilikuwa kali. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Kwa hiyo mtoto apimwe, apewe dawa ya maji kwa uzito wake, na kinga ya malaria iende sambamba. Usikate kidonge chako ukampa nusu.

Hatua

1. Soma pakiti utafute chuma halisi. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 hakina miligramu 200 za chuma. Kina takriban 60 hadi 65, zilizobaki ni chumvi iliyobeba chuma hicho. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina kama 35 tu. Ndiyo maana watu wawili wanaomeza "kimoja kwa siku" wanaweza kuwa wanapata dozi mbili tofauti kabisa. Vile vyekundu vya kliniki vinavyoitwa fefo vina ferasi salfeti na foliki kidogo ndani yake.

Angalia na foliki. Ukiwa mjamzito na unameza SP ya kuzuia malaria, usijinunulie foliki ya miligramu 5 dukani ukaongeza juu yake, kwa sababu dozi kubwa ya foliki hudhoofisha SP. Ile ndogo ya kliniki, isiyofika hata miligramu moja, haina neno.

2. Kubaliana na aliyekuandikia: mara ngapi? Mjamzito kwa kinga hupewa miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kila siku, na damu ikishapungua dozi huongezwa. Fuata kliniki yako. Wengine wengi bado wanaandikiwa kimoja kutwa mara tatu, kwa mazoea ya zamani. Hapa nina maoni yangu: mara tatu ni njia nzuri ya kumfanya mtu aache dawa wiki ya kwanza. Ukimeza chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na homoni hiyo huufunga utumbo usipokee chuma kingi kwa takriban siku nzima. Vidonge vya mchana na jioni vinakuta mlango umefungwa, vinabaki tumboni kukuletea kichefuchefu. Kimoja kwa siku, au hata siku moja ndiyo siku moja hapana kwa asiye mjamzito, kwa wengi kinatosha. Muulize daktari au mfamasia kwa maneno hayo hayo. Usibadilishe kimya kimya.

3. Chagua saa, uishikilie. Chuma hupokelewa vizuri tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kwa watu wengi saa nzuri ni moja kati ya hizi mbili: saa kumi na mbili asubuhi, ukichelewesha chai hadi saa moja au zaidi, au saa nne usiku kabla ya kulala. Usiku una faida ya ziada, kwamba kichefuchefu kinakukuta umelala. Weka alamu.

4. Meza kwa maji, pamoja na kitu chenye uchachu. Glasi nzima ya maji, na chungwa, kipande cha pera, maji ya ukwaju au limau lililokamuliwa. Vitamini C husaidia chuma kupita. Si lazima ununue vidonge vya vitamini C. Kama tunda halipo, meza kwa maji tu, lakini meza.

Na sasa kosa linaloua dozi nyingi kuliko yote: chai. Chai, ya rangi au ya maziwa, ina tanini inayokamata chuma tumboni kisipokelewe, na yaweza kukata zaidi ya nusu ya kile ambacho ungepata. Kahawa ni hivyo hivyo. Maziwa nayo yana kalisi, ambayo hugombania njia na chuma. Kwa hiyo yule anayemeza fefo asubuhi kwa kikombe cha chai ya maziwa na chapati amekipiga chuma kotekote. Sisemi uache chai. Najua ninaongea na nani. Sogeza chai iwe saa moja hadi mbili mbali na kidonge, na mbali na mlo mkubwa pia kama unaweza.

5. Tenganisha na dawa nyingine. Chuma hushikana na dawa kadhaa na zote mbili zikapotea:

- Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV wanachotumia wengi sasa: imeze saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake. Ukishindwa kutenganisha, meza vyote pamoja na chakula, si tumbo tupu. Hili halina mzaha, kwa sababu anayeumia hapo ni ARV.
- Ciprofloxacin: nayo saa 2 kabla au saa 6 baada. Doxycycline pia isikutane na chuma, iache saa 2 au 3.
- Dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine: saa 4.
- Vidonge vya kalisi, ambavyo wajawazito wengine huandikiwa: saa tofauti ya siku. Chuma usiku, kalisi na chakula cha mchana.
- Dawa za kiungulia: za kutafuna zisikutane na kidonge, na omeprazole ikitumika miezi mingi hupunguza upokeaji wa chuma hata ukitenganisha saa. Uliza kama bado unaihitaji.

6. Ziba panapovuja. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayowarudisha watu kliniki mwaka unaofuata na HB ile ile. Kila gramu inayopanda kwa vidonge itashuka kama chanzo kipo.

Hesabu pedi. Ukibadilisha kila saa moja au mbili, ukitoa mabonge, au siku zikizidi saba, hiyo si hedhi ya kawaida "ya ukoo wetu". Inawezekana kuna uvimbe kwenye kizazi, na inatibika. Mwambie mhudumu kuhusu njia ya uzazi wa mpango pia, kwani kitanzi cha shaba huweza kuongeza damu, wakati baadhi ya njia za homoni huipunguza.

Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya nyayo na kunyonya damu utumboni. Kama unalima pekupeku au choo ni cha shida, omba dawa ya minyoo. Mjamzito huipata baada ya miezi mitatu ya kwanza. Viatu shambani. Kwa walio kando ya Ziwa Victoria, na popote penye kichocho, mkojo au choo chenye damu kisichukuliwe kuwa jambo la kawaida. Chandarua kila usiku, maana malaria huvunja chembe nyekundu haraka kuliko vidonge vinavyoweza kuzijenga.

7. Panga sahani, lakini usiitegemee peke yake. Hapa watu hubishana nami sana, basi tuhesabu. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina miligramu 2 hadi 3 za chuma. Kidonge kimoja cha ferasi salfeti kina 60 hadi 65. Ingawa chuma cha nyama hupokelewa vizuri zaidi, pengo hilo halizibwi na sahani. Chakula huzuia upungufu usitokee na huulinda mwili baada ya kupona. HB ya 8 haitibiwi kwa mchicha.

Kinachofanya kazi vizuri ni mchanganyiko. Chuma cha nyama, maini, firigisi, dagaa na samaki hupokelewa kwa urahisi, na kikiwa kwenye sahani moja na maharage au mboga za majani huvuta na kile cha mimea. Ugali, kisamvu, dagaa, na kachumbari ya nyanya na hoho iliyokamuliwa ndimu: mlo huo wa bei ya kawaida umejipanga kuliko vingi ninavyoviona vikiuzwa kama lishe maalumu. Kamua ndimu baada ya kuipua, kwa sababu moto huua vitamini C. Maharage na choroko loweka usiku kucha na umwage maji. Unga wa ulezi una chuma, lakini una pia vitu vinavyokishikilia. Ulezi uliooteshwa au uji uliochachushwa unakuachia zaidi.

Maini yana chuma kingi, ila mjamzito asiyafanye mboga ya kila siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu vitamini A iliyomo ni nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Rosela? Ni kinywaji kizuri. Wekundu wake ni rangi ya ua, na hauna uhusiano na wekundu wa damu. Bitiruti vivyo hivyo. Kunywa ukipenda, lakini kidonge kiwe pale pale.

8. Pima tena baada ya wiki nne. Maabara ile ile kama inawezekana, maana mashine hutofautiana. Dawa ikifanya kazi, HB hupanda angalau gramu 1 ndani ya wiki mbili hadi nne. Ulianza na 8.4, sasa 9.7: unakwenda vizuri, endelea. Ulianza na 8.4, sasa 8.5: usinunue pakiti nyingine, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapa chini.

9. HB ikirudi, endelea miezi mitatu mingine. Mwili hujenga damu kwanza, akiba baadaye. Anayeacha siku anayosoma 12 kwenye karatasi anabaki na ghala tupu, na hedhi mbili tatu nzito zinamrudisha alikotoka. Mjamzito aendelee baada ya kujifungua kwa muda atakaoambiwa kliniki.

Mambo yakienda kombo

*Choo cheusi.* Kawaida kabisa, ni chuma kilichobaki. Tofauti yake na damu: choo cha damu kutoka tumboni hunata kama lami, kina harufu kali isiyo ya kawaida, na mara nyingi kinakuja na kizunguzungu au maumivu. Hicho ni cha hospitali.

*Kichefuchefu na tumbo kusokota.* Hamishia usiku. Bado? Meza na chakula kidogo, kisichokuwa na chai wala maziwa. Utapoteza kiasi, lakini kidonge kilichopokelewa nusu ni bora kuliko kilichobaki kwenye kopo. Bado? Omba chenye chuma kidogo zaidi, au siku kupishana. Vile vya bei kubwa vilivyopakwa ili viyeyuke taratibu havitesi tumbo kwa sababu mara nyingi vinapita sehemu ya utumbo inayopokea chuma kabla havijakiachia. Sivipendekezi.

*Choo kigumu.* Maji zaidi, papai, mboga za majani, kutembea. Usiache kwa sababu hiyo kabla hujazungumza na mhudumu.

*Umesahau dozi.* Meza inayofuata kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia.

*Unatamani udongo, mchele mbichi au barafu.* Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, na hupungua chuma kikipanda. Udongo wa kuuzwa sokoni hushika chuma tumboni na unaweza kuwa na mayai ya minyoo na risasi. Mwambie mhudumu bila aibu, wenzako ni wengi.

*HB haipandi.* Jiulize kwa mpangilio huu. Kweli nameza, au napitisha siku? Chai iko umbali gani? Kuna damu inatoka bado? Nina maambukizi ya muda mrefu, kama TB au VVU, au tatizo la figo? Kama yote hayo hayapo, pengine tatizo si chuma. Rudi na FBP mkononi. Chembe ndogo kupita kawaida huelekeza kwenye chuma au magonjwa ya kurithi kama thalasemia. Chembe kubwa huelekeza kwenye foliki au vitamini B12. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi, au asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na sasa ana ganzi miguuni, apimwe B12 kabla ya kujimezea foliki, kwa sababu foliki inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

*Vidonge vimeshindikana kabisa, au siku za kujifungua zimekaribia.* Kuna chuma cha dripu, hutolewa hospitalini baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Uliza kama kinapatikana karibu nawe. Sindano za mtaani, hapana.

*Mtoto amemeza vidonge vyako.* Vinapendeza, vyekundu, na vingine vimepakwa sukari. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vinne vinatosha kumpa sumu na kumi vinaweza kumuua. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na kopo mkononi ili wahesabu vilivyobaki. Usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri. Atatapika na kuharisha, kisha baada ya saa chache anaweza kuonekana amepona, anacheza. Ndipo ini na moyo huanza kushindwa. Akicheza, mpeleke hivyo hivyo.